Mdomo wa Kwanza

Mwalimu wetu wa mapitio hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka yote niliyomfahamu, darasani, nyumbani kwake Chonyonyo, hata kanisani ambako alisimama nyuma karibu na mlango kama mtu anayesubiri gari, sikumbuki kumwona ametulia kwenye kiti mpaka chai ikapoa. Alifundisha akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, penseli sikioni, akigonga kila dawati alilolipita, nasi shingo zikituuma kwa kumfuata. Tulimcheka sana. Sasa ugonjwa wake umenihamia mimi, maana hata haya nayaandika kwa vipande, nikiinuka kila baada ya mistari mitatu kwenda kuchungulia nje.

Sababu ninayo, na afadhali niitaje mapema, sipendi kuzungushana. Kuna kipeperushi cha karatasi moja kinachofundisha familia namna ya kumtunza nyumbani mgonjwa asiyeinuka kitandani. Kimebandikwa kwenye kuta za nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa. Maneno yake yalitokana na kazi yangu ya chuo, na jina langu liko chini. Sentensi ya sita inasema kwamba ngozi ikibadilika rangi kwa kulaliwa, mahali hapo pakandwe kwa mafuta asubuhi na jioni. Sentensi hiyo si kweli. Kukanda hapo kunaiumiza ngozi ambayo tayari imeumia, na kidonda kinakuja haraka zaidi. Nililijua hilo wakati watu wanaanika kahawa, na mvua za vuli zikaanza nikiwa bado sijamwambia mtu yeyote.

Nitalirudia. Kwanza nimseme mwalimu, maana bila yeye hata nisingejua kwamba nimekosea.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, majengo manne na bomba moja, na tuliokuwa tunasoma pale tulikuwa wauguzi na watu wa ustawi wa jamii, wengi wetu tumeshafanya kazi miaka kadhaa tukarudi kujiendeleza. Tulitaka kufundishwa mambo ya mikono: kufunga kidonda, kuweka dripu, kuzungumza na familia yenye ugomvi. Yeye akaja na mapitio ya machapisho. Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hii: unachukua swali moja, unatafuta kila kilichoandikwa juu yake, unachambua, unapima nani kafanya kazi ya maana na nani kapiga porojo, halafu unaeleza kinachojulikana na kisichojulikana. Yeye alilieleza kwa ufupi zaidi. "Kabla hujafungua mdomo wako," alisema siku ya kwanza, "ujue nani keshafungua wa kwake, na aliona nini."

Neno alilolichukia kuliko dhambi lilikuwa "inasemekana". Ukiliandika kwenye kazi yako, alilizungushia duara na pembeni anaandika "Na nani?" kwa herufi kubwa. Wengine tulirudishiwa karatasi zina maduara mpaka hazisomeki. Siku moja kanisani, msoma matangazo alisema inasemekana daraja la kwenda Igurwa limezolewa na maji, na kutoka kule nyuma mlangoni ikasikika sauti: "Na nani?" Kanisa zima likageuka. Mke wake, aliyekuwa amekaa safu ya mwisho, akamvuta koti bila hata kumtazama, kama mtu anayefunga mlango uliozoea kufunguka na upepo.

Alisoma kila kitu. Ukimnunulia maandazi, alisoma gazeti lililofungia maandazi kabla ya kula. Alisoma mfuko wa mbolea, alisoma chupa ya dawa ya mafua mpaka jina la kiwanda. Makaratasi yake aliyabeba kwenye kapu la ukindu lililofunikwa nailoni, na akipanda bodaboda kwenda Kayanga alilipakata kapu lile mapajani kwa mikono miwili, asishike popote, dereva akilalamika njia nzima. Kayanga alikuwa na rafiki yake, mzee mwenye duka la fotokopi, ambaye wazazi wake walitoka Tanga zamani na Kiswahili chake kilitutia aibu sote. Hao wawili walikuwa na mapatano yao. Mwanafunzi akipeleka kazi yake kufungwa jalada, yule mzee huifungua kwenye orodha ya marejeo, anaweka kidole popote, anauliza, "Hii umeisoma mwenyewe, mwanangu?" Ukijikanyaga, harudishi kazi mpaka umekwenda kuisoma. Mzee wa watu hakuwahi kusomea afya hata siku moja, lakini tulimwogopa kuliko mtahini wa nje.

Umeisoma mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa swali lao, na ndilo lililoninasa.

Sasa zoezi lake maarufu. Wiki ya tatu ya somo aliingia darasani akasema kwamba mjini kuna habari kwamba mwenye presha akinywa maji ya majani ya parachichi anaacha vidonge. "Sitaki kujua ni kweli au si kweli," alisema. "Nataka mdomo wa kwanza. Nani alianza? Nendeni kwa miguu. Mrudi na jina."

Tulikwenda watu watano. Mama muuza ndizi wa pale Bugene akasema yeye kaambiwa na kijana wa bodaboda. Kijana wa bodaboda tulimpata kijiweni, akasema kaambiwa na shangazi yake wa Igurwa, na shangazi amepona kabisa. Tukaenda Igurwa, jua limesimama utosini, viatu vimejaa vumbi jekundu. Shangazi hakuwa amepona wala hakuwahi kuwa na presha, alikuwa na mgongo. Akasema habari ile aliipata kwa mke wa mwalimu mmoja huko Chonyonyo, mtu msomi, hawezi kusema uongo. Tulitazamana. Mwenzetu mmoja akaketi chini palepale akakataa kuendelea.

Tulifika kwa mwalimu jioni jioni. Mke wake alikuwa kibanjani, shamba la kuzunguka nyumba, anaondoa majani makavu ya migomba. Alipotuona alicheka kabla hatujasema kitu, mama mwenye mwili, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu.

"Waitu, karibuni. Mmetembea."

"Mama, shikamoo. Tunataka kujua habari ya majani ya parachichi ulisikia kwa nani."

"Marahaba wanangu. Mimi?" Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi niliambiwa na mama muuza ndizi wa Bugene."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, kapu mkononi, anatutazama. Hakutabasamu. Alituambia tuandike: watu wanne wamesema, hakuna hata mmoja aliyeona. Kisha akasema sentensi ambayo nimeibeba mpaka leo kama kokoto kiatuni: "Wanne wanaoambiana ni mtu mmoja mwenye vinywa vinne." Mama akatuletea kisonzo, kile kikapu kidogo, cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa ikakaushwa na maganda yake, anayopewa mgeni hapa kwetu kabla ya jambo lolote, na ndizi mbivu, na kila mmoja akala akiwa amevua viatu.

Usidhani alikuwa mtu wa mantiki saa zote. Hapana. Nyumbani kwake sheria ilikuwa nyingine. Mke akisema mvua itanyesha Jumatano, alianua buni Jumanne. Mke akisema fulani si mtu mzuri, basi, kesi imekwisha. Niliwahi kumkuta anatafuna kahawa kwa ajili ya kichwa kinachouma, nikapata nafasi yangu.

"Mwalimu, kwamba kahawa inatoa maumivu ya kichwa, mdomo wa kwanza ni nani?"

"Mke wangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Hapo sijauliza," akasema, "na wewe usiulize."

Nilimcheka tukiwa darasani, nikawasimulia wenzangu. Niliona ni udhaifu mtamu wa mzee. Sikufikiri kwamba mtu anayekagua kila kitu lazima awe na mahali ambapo hakagui, vinginevyo atachoka afe.

Alikuwa mkali na hakuficha. Aliwahi kumrudisha mwanafunzi mwaka mzima kwa kunakili, na wiki ileile akampelekea mama wa mwanafunzi huyo mkungu wa ndizi, akauacha mlangoni bila kubisha hodi. Ukimshukuru alikasirika. Ukimsifia alitafuta kitu cha kusoma. Hakukumbuka majina yetu kabisa, alituita kwa maswali yetu. Mimi nilikuwa "Kitandani", kwa sababu swali langu lilikuwa huduma ya nyumbani kwa wasioinuka kitandani. Nilimlea bibi yangu miezi minane akiwa hivyo, najua ile harufu, na nilitaka kuandika kitu ambacho mkwe au mjukuu anaweza kukishika mkononi. Hilo lilikuwa jambo la kweli kwangu na bado ni la kweli.

Ila nilikuwa na haraka. Mtandao wa chuo ulikuwa unakuja na kuondoka, makala nyingi ukizifungua zinakupa ikisiri tu, zile aya chache za mwanzo, halafu zinadai malipo. Kwa habari ya kukanda ngozi nilisoma makala moja tu kwa ukamilifu. Ilitaja nyingine nne zinazosema vilevile. Nikachukua zile nne kutoka kwenye orodha yake nikaziweka kwenye yangu kana kwamba nilizifungua. Watano wanakubaliana, nikaandika. Ushahidi wa kutosha.

Siku ya kutetea kazi, mwalimu alitembea nyuma yangu nikiwa nimesimama mbele ya jopo. Akachagua marejeo kwa kidole: la tatu, la saba, la kumi na nne. Yote niliyasoma, nikajibu vizuri. Kidole kikapita juu ya yale manne kikaenda mbele. Kisha akasimama, na kusimama kwake kulikuwa kitu adimu, akauliza, "Na hayo mengine, Kitandani, umeyasoma mwenyewe?"

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Akatoa penseli sikioni akaweka alama. Nilipata daraja la juu. Mwaka uliofuata shirika moja dogo likaomba kazi yangu iwe kipeperushi, nikaona fahari, nikampelekea mama yangu nakala akaibandika karibu na kalenda.

Nilivyogundua ni hivi. Kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi huku Kyerwa aliletwa mzee mmoja, ana kidonda nyongani kimeingia ndani. Mkwe wake aliyemleta alikuwa analia kwa hasira. "Dada, nimefuata karatasi yenu," alisema. "Sijaruka hata siku. Nimemkanda asubuhi na jioni." Akanionyesha karatasi. Alikuwa ameikunja kwa uangalifu, ndani ya mfuko wa sabuni.

Nikafanya nilichopaswa kufanya miaka mitatu kabla. Niliwasumbua wenzangu wa chuo kwenye simu mpaka mmoja aliye Mwanza akanipatia zile makala nne nzimanzima. Zote, pamoja na ile ya kwanza, zilikuwa zimechota kwenye kisima kimoja, kitabu cha zamani cha mafunzo ya wauguzi. Nikakitafuta kitabu. Picha ya ukurasa ikanifikia kwenye simu nikiwa zamu. Kilisema ngozi iliyo nzima inaweza kupakwa mafuta taratibu. Kisha kikasema: mahali palipokwisha kubadilika rangi pasiguswe, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili mpaka parudie rangi yake. Mtu wa kwanza kukinakili aliiacha sentensi ya pili. Wengine wakamnakili yeye. Nami nikaja mwisho, mtu wa sita, nikaipeleka vijijini.

Nilitoa nakala ya ukurasa ule nikaiweka kwenye mkoba. Kesho nitalipigia simu shirika, nilisema. Kesho nitakwenda kwa mwalimu. Sikulala vizuri, niliwafokea watoto, nilianza kuhesabu kuta zenye karatasi yangu kila nilipoingia nyumba ya mtu. Na bado sikusema. Niliogopa kupoteza kazi, hilo kweli, lakini nilichoogopa zaidi kilikuwa lile "ndiyo, mwalimu". Karatasi unaweza kuirekebisha. Uongo uliomwambia mtu usoni inabidi urudi usoni.

Ndipo nikapata habari kwamba mke wa mwalimu amepata kiharusi, yuko kitandani mwezi wa pili sasa. Nikachukua sukari na sabuni kama ilivyo desturi ya kwenda kumwona mgonjwa, nikapanda bodaboda mpaka Chonyonyo. Nilijiambia ninakwenda kuwapa pole tu. Ukurasa ulikuwa mkobani.

Mwalimu alinipokea mlangoni. Alikuwa amestaafu, amekonda, penseli bado sikioni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Kitandani. Umekuja na miguu yako kuona swali lako."

Akaniingiza chumbani. Mama alikuwa amelala ubavu, nusu ya uso imelegea, macho yaleyale. Nikampa pole, akaniminya kidole kwa mkono mzima. Mwalimu akaniletea kisonzo cha kahawa ya kutafuna, kazi ambayo zamani ilikuwa ya mama, akakishika vibaya, punje mbili zikaanguka. Kichwani kwa kitanda, kwenye ukuta, kilikuwapo kipeperushi changu. Chini yake kichupa cha mafuta, kimebaki robo.

"Nimekifuata chote," mwalimu alisema, akianza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni. "Nyonga ilibadilika rangi wiki iliyopita. Namkanda asubuhi na jioni. Haipungui, lakini nadhani ni mapema."

Nikauliza swali la kipumbavu. "Mwalimu, uliangalia marejeo yake?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina lake. "Ya nini? Niliona jina lako. Huyu nilimuuliza mwenyewe, nikasema, na akanijibu amesoma yote." Akachukua kichupa. "Ni saa yake sasa. Nisaidie kumgeuza."

"Usimkande," nikasema.

Akasimama.

Nikasema yote, nimetazama sakafu, haraka, bila mpangilio: zile nne, kitabu, mzee wa nyonga, mkobani miezi minne. Na kwamba siku ile nilimdanganya. Mwalimu alikuwa bado ameshika kichupa.

"Ukurasa unao?"

Nikampa. Akausoma amesimama dirishani. Akausoma tena. Penseli ilikuwa imeanguka, hakuiokota.

"Huu umeusoma mwenyewe?"

"Huu nimeusoma mwenyewe, mwalimu."

Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Badala yake alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mke wake kwa Kinyambo, polepole, kwamba amekosea, kwamba amekuwa akimuumiza siku nane kwa sababu hakuuliza. Hakunitaja. Nilielewa kila neno, na lile la kutotajwa ndilo lililoniliza.

Kisha akainuka, akabandua kipeperushi ukutani, akavaa viatu vyake vya mvua.

"Nilitoa nakala nyumba tatu hapa jirani," alisema. "Niliwaambia, huyu ni mwanafunzi wangu, fuateni. Kwao wale, mdomo wa kwanza ni mimi. Wewe kaa na mama. Nikirudi tutaandika orodha ya nyumba zako, na kesho unaanza." Akatoka na ukurasa wangu mkononi, bila koti, na nilimwona kupitia dirishani akikata kibanja karibu kukimbia.

Tulibaki wawili. Nikafunika kichupa cha mafuta nikakiweka chini ya kitanda, mbali. Nikanawa mikono. Nikamwinamia mama.

"Mama, nitakugeuza sasa. Halafu tena baada ya saa mbili, na tena. Hapa hapaguswi."

Hakusogea. Midomo ikatafuta njia kwenye ule upande mzima, na kwa sauti nzito, neno moja moja, akaniuliza kwa Kiswahili cha darasani, ili nisipate pa kukimbilia.

"Nani... kasema?"

Nikamtajia kitabu, jina la mwandishi, mwaka, ukurasa, na mstari wa ngapi kutoka juu. Nikamwambia nimekisoma mwenyewe. Alifikiri. Kisha akafumba macho, akaulegeza mwili, akaniachia nimgeuze.